Taima imeganda, au imefyatuka kabla ya wakati? Kagua kwanza saa ya mashine

Jana programu ilikuwa nzima. Leo kazi iliyopaswa kurudiwa kila dakika 5 imenyamaza tangu asubuhi, au imejirudia mara 28 ndani ya nusu dakika, au ripoti inasema mteja alihudumiwa kwa dakika -142. Msimbo haujaguswa na mtu. Kabla hujafungua faili hata moja la programu, jiulize: je, saa ya mashine ilisogezwa?

Mfumo wa uendeshaji unatunza hesabu zaidi ya moja ya wakati. Ya kwanza ni saa ya ukutani, ile tarehe na saa unayoiona pembeni mwa skrini. Hiyo inasogezeka: mtu anaweza kuibadilisha, NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao) inaweza kuirekebisha, mtandao wa simu unaweza kuipanga upya, na BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine) iliyosahau tarehe inaweza kuirudisha miaka kadhaa. Ya pili ni saa ya kuhesabu. Inaanza karibu na sifuri mashine inapowaka na kazi yake ni kusonga mbele tu. Haijui leo ni Jumatatu wala ni mwaka gani. Kwenye Linux ya kwanza ni `CLOCK_REALTIME`, ya pili ni `CLOCK_MONOTONIC`. Ipo na ya tatu, `CLOCK_BOOTTIME`, sawa na ya pili ila inahesabu pia muda ambao kompyuta ilikuwa imelala.

Hitilafu nyingi zilizomo humu zina mzizi mmoja: programu inataka kujua zimepita dakika ngapi, halafu inakwenda kuiuliza saa ya ukutani.

(Humu tunaandika "masaa" kwa urefu wa muda, ili yasichanganyike na saa yenyewe. Nyakati za logi (kumbukumbu ya matukio ambayo mashine hujiandikia) tunaziandika kama mashine inavyoziandika: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana.)

## Pima mruko kabla ya kutafuta mchawi

Ukubwa wa mruko mara nyingi unamtaja mhusika. Kwenye Linux anza hivi:

```
timedatectl
journalctl -b | grep -iE "time has been changed|jumped backwards|clock change"
```

Kwenye `timedatectl` soma mistari minne: "Time zone" (hapa Uganda iwe Africa/Kampala, +0300), "System clock synchronized", "NTP service" na "RTC in local TZ" (RTC ni saa ya ubao mama, inayoendelea mashine ikizimwa). Kwenye logi, maneno "Time jumped backwards, rotating" yanatoka kwa journald na maana yake saa imerudi nyuma. "Clock change detected. Flushing caches" ni ya systemd-resolved. Kwa Windows fungua Event Viewer, logi ya System, tafuta Kernel-General namba 1. Kwenye logi ya Security ni namba 4616, na hiyo inakutajia hata mchakato uliosogeza saa.

Ikiwa tatizo linakuja na kuondoka, acha kijiprogramu hiki kikiwa macho:

```python
import time
def tofauti():
    return time.time() - time.clock_gettime(time.CLOCK_BOOTTIME)
a = tofauti()
while True:
    time.sleep(1)
    b = tofauti()
    if abs(b - a) > 0.1:
        print(time.ctime(), "saa imeruka kwa sekunde", round(b - a, 3), flush=True)
    a = b
```

Tumetumia BOOTTIME makusudi. Ukiweka MONOTONIC, kila mara laptopu ikifunikwa na kufunuliwa utaandikiwa mruko ambao haukutokea.

Sasa linganisha namba uliyopata.

Masaa 6 kamili. Mashine haina kosa. Mtu kasema "saa mbili asubuhi", au kwa Kiganda "ssaawa bbiri", na mwenzake kajaza 02:00 badala ya 08:00. Malalamiko ya aina hii huandikwa "taima haifanyi kazi", na fundi asiyeuliza anaweza kumaliza siku nzima kwenye msimbo. Fomu ioneshe vyote viwili: 08:00 na pembeni yake "saa mbili asubuhi".

Masaa 3 kamili, siku zote. Seva inaishi kwenye UTC (saa ya pamoja ya dunia) na wewe unaishi Kampala, masaa 3 mbele yake. Ripoti ya usiku wa manane inatoka saa tisa usiku. Hapo hakuna kilichoruka. Weka ukanda wa saa kwenye kazi yenyewe, au uhesabu kwa UTC na kukubali.

Masaa 3 kamili, lakini baada tu ya kutoka Windows kwenda Linux au kurudi. Huu ni mruko wa kweli. Windows huandika saa ya hapa kwenye saa ya ubao mama, Linux huandika UTC. Ukitoka Windows, Linux inasoma 14:00 ikidhani ni UTC, inaonesha 17:00, kisha NTP inairudisha masaa 3 nyuma huku programu zako zimeshaanza. Ilazimishe Windows kutumia UTC, kwa ruhusa ya msimamizi:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Upande wa Linux hakikisha `timedatectl set-local-rtc 0`.

Lisaa 1 kamili, Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba. Uganda haisogezi saa kwa majira, lakini seva uliyokodi Ulaya inaweza kuwa imewekwa Europe/London au Europe/Berlin. Mabadiliko hutokea 01:00 UTC, saa kumi alfajiri ya Kampala, wakati ambao wengi wamepanga nakala rudufu zao. Weka seva kwenye UTC, tatizo limekwisha.

Miaka. Betri ya ubao mama imekufa. Tutairudia chini.

Dakika au masaa yanayokaribiana na muda ambao umeme ulikatika. Raspberry Pi, au kompyuta ndogo nyingine isiyo na saa yenye betri.

Sekunde zinazokua polepole. Fuwele ya kawaida inayoendesha saa ya mashine ikipotea sehemu 20 kwa milioni, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Maana yake NTP haifiki kabisa. Mara nyingi ruta au ukuta wa moto umefunga UDP bandari 123.

## Dalili: mkupuo wa kazi baada ya umeme kurudi

Tuishike hii kwa ukaribu, maana ina kila kitu ndani yake. Chukua Raspberry Pi 4 inayosoma joto la tangi la maziwa kila dakika 5 kwenye kituo cha kukusanyia maziwa upande wa Mbarara. Logi yake ni hii:

```
14:45:00  3.9
14:50:00  4.0
14:22:31  5.8
14:27:31  5.9
16:51:00  6.0
16:51:01  6.0
16:51:02  6.0
... (mistari 28 kwa jumla, hadi 16:51:27)
16:52:31  6.0
```

Umeme ulikatika baada ya 14:50. Pi 4 haina saa ya betri. Kinachoisaidia ni `fake-hwclock`, ambayo inaandika saa kwenye faili kila lisaa na wakati wa kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla hakuna utaratibu, kwa hiyo Pi inaamka na saa ya mwisho iliyoandikwa. Kwenye matoleo yanayoendesha `fake-hwclock` kupitia `/etc/cron.hourly`, crontab ya Debian (ratiba ya cron, programu ya kuendesha kazi za kujirudia) hufanya kazi hizo dakika ya 17 ya kila lisaa. Ndiyo maana mashine hizi zina tabia ya kuamka saa fulani na dakika 17, na ukishaijua alama hiyo hutahitaji kuuliza umeme ulikatika au la.

Programu ikaanza 14:17:31 ya uongo. Ruta ikachelewa kupata mtandao. Dakika kumi na ushee baadaye NTP ikajibu, saa ikaruka kutoka 14:28:00 hadi 16:51:00. Na huu ndio msimbo:

```python
inayofuata = time.time() + 300
while True:
    if time.time() >= inayofuata:
        soma_joto()
        inayofuata += 300
    time.sleep(1)
```

Zamu iliyofuata ilikuwa 14:32:31. Kutoka hapo hadi 16:51:00 zimo zamu 28, na programu imeamini imechelewa zote. Inazilipa moja kwa kila sekunde. Kwa kipimajoto ni upuuzi mdogo. Kama zamu ile inatuma SMS ya tahadhari, ni salio la siku nzima. `java.util.Timer` ikiitwa kwa `scheduleAtFixedRate` hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa nayo hupanga kwa saa ya ukutani na hulipa madeni. `ScheduledThreadPoolExecutor` hutumia `nanoTime`, haiguswi na mruko.

Marekebisho:

```python
HATUA = 300
inayofuata = time.monotonic() + HATUA
while True:
    subira = inayofuata - time.monotonic()
    if subira > 0:
        time.sleep(subira)
    soma_joto()
    inayofuata += HATUA
    sasa = time.monotonic()
    if inayofuata < sasa:
        inayofuata = sasa + HATUA
```

Mistari mitatu ya mwisho inasamehe madeni. Usiiache hata kama umeshahamia saa ya kuhesabu: kusoma sensa kunaweza kukwama dakika 20, na mkupuo ukarudi kwa mlango mwingine.

Bado kuna mihuri ya saa, ile ya 14:22:31 na 14:27:31, ambayo ni ya uongo. Usiifute. Kwenye kila mstari wa logi andika vitu vitatu: saa ya ukutani, saa ya kuhesabu, na namba iliyomo `/proc/sys/kernel/random/boot_id`, ambayo hubadilika kila mashine ikiwaka. Tuseme kwenye mstari wa 14:22:31 saa ya kuhesabu ilikuwa 336, na saa ilipokaa sawa 16:51:00 ilikuwa 665. Toa sekunde 665 kutoka 16:51:00, unapata mashine iliwaka 16:39:55. Ongeza 336, unapata usomaji wa kweli ulikuwa 16:45:31. Mistari yote yenye `boot_id` hiyo inanyooshwa kwa hesabu hiyo hiyo.

## Dalili: taima imeganda

Hapa saa imerudi nyuma. Kitanzi kinasubiri `time.time()` ifike kikomo, saa inarudishwa masaa 3, na subira ya sekunde 30 inakuwa masaa 3 na sekunde 30. Mtu anaizima programu na kuiwasha, inapona, na kesi inafungwa kwa maneno "imeanza yenyewe". Ukiona tatizo linalopona kwa kuwasha upya na ambalo lingepona lenyewe baada ya masaa 3, unajua pa kutafuta.

`sleep` ya kawaida haina kosa hili. Kulala kwa muda fulani kwenye Linux hakuguswi na kusogezwa kwa saa ya ukutani. Kinachoganda ni kile kinacholinganisha na wakati maalumu: kikomo ulichokokotoa mwenyewe, au subira za nyuzi (threads) kwenye C.

Hizo za C zinahitaji uangalifu. `pthread_cond_timedwait` hutumia `CLOCK_REALTIME` usipoiambia vingine. `sem_timedwait` na `pthread_mutex_timedlock` pia. Kwa kigezo cha subira (condition variable), fanya hivi:

```c
pthread_condattr_t sifa;
pthread_condattr_init(&sifa);
pthread_condattr_setclock(&sifa, CLOCK_MONOTONIC);
pthread_cond_init(&ishara, &sifa);

struct timespec mwisho;
clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &mwisho);
mwisho.tv_sec += 30;
pthread_cond_timedwait(&ishara, &kufuli, &mwisho);
```

Saa ya sifa na saa ya kikomo lazima ziwe moja. Ukiweka sifa ya MONOTONIC kisha ukachukua kikomo kwa REALTIME, unaiambia mashine isubiri sekunde zaidi ya bilioni moja na nusu tangu iwashwe. Itaonekana imeganda, na imeganda kweli. Ukikosea kinyume chake, kikomo kinakuwa mwanzoni mwa mwaka 1970 au karibu na hapo, subira inarudi papo hapo, na CPU inapanda hadi 100% bila kazi yoyote kufanyika. Kwa semafori, glibc (maktaba ya C ya Linux) 2.30 na kuendelea ina `sem_clockwait`.

Kama huna msimbo wa chanzo, strace (zana inayoonesha programu inaiomba nini keneli) itakuonesha:

```
strace -f -tt -e trace=futex,clock_nanosleep,timerfd_settime -p NAMBA_YA_MCHAKATO
```

Ukiona `FUTEX_CLOCK_REALTIME` ndani ya subira, uzi huo umefungwa kwenye saa ya ukutani. Kwa taima za `timerfd`, soma `/proc/NAMBA/fdinfo/` ya faili husika: `clockid: 0` ni saa ya ukutani, 1 ni ya kuhesabu, 7 ni BOOTTIME.

Python ilikuwa na lake: `threading.Lock` yenye kikomo cha subira ilipitia `sem_timedwait` kwenye Linux, hivyo iliguswa na mruko. Kuanzia toleo la 3.11, pakiwa na glibc ya 2.30 au mpya zaidi, inatumia saa ya kuhesabu. Mashine yenye Python ya zamani isasishwe kabla hujaanza kuandika mbinu za kuzunguka.

## Dalili: muda hasi, au muda mkubwa kupita kiasi

Umetoa wakati wa mwisho kwa wakati wa mwanzo ukapata -8520. Badilisha chombo cha kupimia: Java `System.nanoTime()`, PHP `hrtime(true)` kuanzia 7.3, JavaScript `performance.now()`, C# `Stopwatch`, Python `time.monotonic()`. Usizibe pengo kwa kuandika "kama ni hasi, weka sifuri". Hiyo inaficha nusu ya kosa, kwa sababu mruko wa mbele nao unaharibu vipimo na hautoi alama ya kutoa.

Ubaya wa namba hasi ni pale inapofika. Tarehe 1 Januari 2017 saa 00:00 UTC, saa tisa usiku huku kwetu, sekunde ya nyongeza iliifanya saa ionekane imerudi nyuma kidogo, na programu ya DNS ya Cloudflare iliyoandikwa kwa Go ikapata muda hasi, ikaupeleka kwenye kitendakazi cha namba za kubahatisha kisichokubali hasi, ikaanguka. Mwaka huo huo Go 1.9 ilitoka na `time.Time` inayobeba saa zote mbili kwa pamoja. Ila ujue mpaka wake: ukiiandika thamani hiyo kwenye hifadhidata au JSON na kuisoma tena, saa ya kuhesabu imepotea, na umerudi ulikotoka.

Sekunde ya nyongeza yenyewe haitakusumbua sasa hivi. Ya mwisho kuongezwa ni ile ya 31 Desemba 2016, na mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035.

## Dalili: wote wametolewa kwenye mfumo kwa pamoja

Saa imeruka mbele. Tokeni, vidakuzi na funguo za muda vina tarehe ya mwisho ya saa ya ukutani, na lazima iwe hivyo kwa kuwa vinasafiri kati ya mashine. Redis (hifadhidata ya kwenye kumbukumbu) nayo huhifadhi ukomo wa ufunguo kama wakati kamili: weka TTL (muda wa kuishi) ya sekunde 1000, sogeza saa sekunde 2000 mbele, ufunguo umekwisha. Saa ikiwa nyuma unapata kinyume: tokeni "imetumika kabla ya kutolewa", vyeti vya TLS "havijaanza kutumika". Namba za siri za hatua mbili kwenye simu hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo dakika mbili tu za tofauti zinatosha kumfungia mtu nje. Hakuna saa ya kuhesabu itakayokuokoa hapa, tengeneza saa.

## Cron imeruka kazi, au haikuirudia

Cron ya Debian na Ubuntu ina kanuni yake. Mruko ukiwa chini ya masaa 3 kwenda mbele, kazi zenye saa maalumu zilizorukwa zitafanywa muda mfupi baadaye. Ukiwa wa kurudi nyuma, hazirudiwi. Kazi zenye nyota kwenye dakika au saa zinafuata saa mpya mara moja. Zaidi ya masaa 3, cron inachukulia ni marekebisho na kuifuata saa mpya bila fidia. Mkanganyiko wetu wa UTC unaangukia mpakani kabisa, masaa 3 kamili, kwa hiyo usijenge matumaini juu ya kanuni hiyo.

Kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux), `OnCalendar=` inafuata ukuta, `OnBootSec=` na `OnUnitActiveSec=` zinafuata hesabu. "Kila dakika 15" iandike kwa `OnUnitActiveSec=15min`; "kila siku 23:30" kwa `OnCalendar` pamoja na `Persistent=true`, ili kazi iliyokosa umeme ifanywe mashine ikiwaka.

## Intaneti kafe na simu

Kwenye kafe, programu ya kutoza kwa dakika inadanganywa kirahisi kama imeandikwa kwa `DateTime.Now`. Mtumiaji wa kawaida wa Windows haruhusiwi kusogeza saa, ila anaruhusiwa kubadilisha ukanda wa saa, na `Now` inafuata ukanda. Akihama kutoka Nairobi kwenda London anajizawadia masaa. `UtcNow` inaziba mlango huo. `Stopwatch` inaziba na ule wa saa yenyewe. Usihesabu kwa `Environment.TickCount` ya biti 32: inageuka hasi baada ya siku 24.9 tangu mashine iwashwe. Tumia `TickCount64`.

Kwenye Android, "baada ya dakika 30" ni `ELAPSED_REALTIME_WAKEUP` na kipimo chake ni `SystemClock.elapsedRealtime()`. Usichukue `uptimeMillis()`, inasimama simu ikilala. "Meza dawa saa mbili asubuhi" ni `RTC_WAKEUP`, na programu isikilize `ACTION_TIME_CHANGED`, `ACTION_TIMEZONE_CHANGED` na `BOOT_COMPLETED`, kwa sababu simu ikizimika kengele zote zilizopangwa hufutika.

## Pale saa ya ukutani ndiyo sahihi

Ukishaumwa na mruko, unaweza kushawishika kuhamisha kila kitu kwenye saa ya kuhesabu. Usifanye hivyo. Kengele ya shule inayolia 08:00 ikipangwa kwa "sekunde 3600 kuanzia sasa" wakati saa ilikuwa nyuma kwa dakika 12, italia 08:12 hata baada ya saa kurekebishwa. Kengele inafuata ukuta, na inahitaji kuambiwa ukuta umesogea.

Kwenye Linux tumia `timerfd_create(CLOCK_REALTIME, ...)`, na kwenye `timerfd_settime` weka `TFD_TIMER_ABSTIME | TFD_TIMER_CANCEL_ON_SET`. Saa ikisogezwa, `read` inarudi na kosa `ECANCELED`; hapo unakokotoa upya. Hutaki kushika C? Lala sekunde zisizozidi 30, amka, angalia saa, lala tena. Si maridadi lakini inafanya kazi. Amua mapema pia saa ikiruka juu ya 08:00 ufanyeje: kwa kengele ya shule, ichelewe hadi dakika 2, zaidi ya hapo isilie.

## Kutengeneza saa yenyewe

Betri ya ubao mama kwa kawaida ni CR2032, volti 3. Kuchomeka mashine ukutani kunailisha saa hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo betri iliyokufa haijioneshi hadi umeme ukatike. Kuipima: weka saa sawa, zima, chomoa waya wa umeme, acha usiku kucha, kisha washa bila mtandao na utazame `hwclock -r`. Kwa mita, betri mpya ni kati ya volti 3.0 na 3.3, ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza chaji, toa betri, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, panga tarehe kwenye BIOS, halafu `hwclock --systohc`.

Kwa Pi, nunua moduli ya DS3231 badala ya DS1307: ya kwanza inajirekebisha kwa joto na haipotei zaidi ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40. Ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`, ondoa `fake-hwclock`. Pi 5 ina saa ndani tayari, lakini betri yake unanunua mwenyewe.

Kisha chrony, programu ya NTP ya kulinganisha saa:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
```

Mstari wa kati unaruhusu kuruka kwa tofauti inayozidi sekunde 1, katika masahihisho matatu ya kwanza tu. Baada ya hapo saa inasogezwa polepole bila mruko. Mwendo huo wa polepole una gharama: keneli ikirekebisha kwa sehemu 500 kwa milioni, sekunde 1 inachukua dakika 33, na lisaa zima lingechukua siku 83. Ndiyo maana mruko mkubwa ufanyike mwanzoni, kabla programu zako hazijaanza. Washa `chrony-wait.service` (au `systemd-time-wait-sync.service` kama unatumia timesyncd) na kwenye huduma yako andika:

```
After=time-sync.target
Wants=time-sync.target
```

Angalizo kwa vituo vinavyotegemea bando: data ikiisha, huduma inaweza kukaa ikisubiri saa ambayo haiji. Kwa kipimajoto cha maziwa ni heri kianze na saa mbovu na kinyooshe mihuri baadaye. Kwa programu ya kutoa risiti ni heri isubiri. Mahali pasipo na intaneti kabisa, chagua mashine moja yenye DS3231, weka `local stratum 10` na `allow` kwenye chrony yake, nyingine zote zimfuate huyo.

## Kuhakikisha imepona

Fanya kwenye mashine pepe, si kwenye seva yenye hifadhidata ya kazi. Na si ndani ya kontena: kontena inatumia saa ya mashine inayoibeba, ukiisogeza umewasogezea wote.

```
timedatectl set-ntp false
date -s '+3 hours'
# subiri dakika 10, tazama logi
date -s '-3 hours'
# subiri tena dakika 10
timedatectl set-ntp true
```

Kwenye mruko wa mbele hesabu ni mara ngapi kazi imefanyika. Kwenye wa nyuma tazama kama imefanyika kabisa. Ukitumia libfaketime (maktaba inayoipa programu saa ya uongo) kwa programu moja, weka `FAKETIME_DONT_FAKE_MONOTONIC=1`, la sivyo inadanganya saa zote mbili kwa pamoja na jaribio lako linakosa maana. Mwisho laza laptopu dakika 10 na kuiamsha: taima ya MONOTONIC itakuwa imesimama muda wote huo, na kama hukutaka isimame, ibadilishe iwe BOOTTIME.